Waliolala Nyumbani kwa Bwanamkuu

Eda yangu ilikuwa imebaki wiki moja mwaka ule wa themanini na tisa, serikali ilipokuja kutuhesabu. Wiki moja tu, kisha ningerudi Mambrui kwa mama. Shemeji yangu Bwanamkuu hakulitaka hilo. Tangu nduguye, mume wangu, afariki, mikeka niliyoisuka ndiyo iliyoinjika chungu katika nyumba ile ya Malindi. Yeye kazi yake kuipeleka kwa wenye mahoteli na kurudi ananukia udi. Alikwisha kunitumia salamu kwamba eda ikiisha atanioa niwe mke wa pili. Nikamrudishia: ahsante, sitaki.

Asubuhi hiyo karani wa sensa alibisha hodi, akajitaja kuwa Mwalimu Dzombo wa Magarini. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nasuka ukili wa mkeka, na mama mkwe wangu Bi Hindu kando yangu akinichania miyaa. Katika nyumba ile, mwanamke wa eda hata sauti yake haimfikii mwanamume wa nje.

"Nitajie waliolala hapa jana usiku, mzee," karani alisema.

"Mama yangu, Bi Hindu. Mimi. Mke wangu na watoto wawili." Bwanamkuu akakohoa. "Na mke wangu wa pili, Kuluthumu."

Vidole vyangu vikasimama. Bi Hindu akanibana goti ninyamaze.

"Huyo Kuluthumu afanya kazi gani?"

"Hana kazi. Akaa tu."

Haki ya Mungu, hilo la mke ningelimeza mpaka eda iishe. Lakini akaa tu! Mgongo umenipinda, vidole vimeota sugu, wanawe washiba kwa jasho langu, halafu mimi ndiye nakaa tu! Nyani haoni kundule. Hasira zikanipanda.

"Andika msusi wa mikeka!" nilipiga kelele. "Na mume wangu amekufa. Andika mjane!"

Nikamsikia Dzombo akisema kwa upole, "Pole kwa msiba, mama. Nimeandika." Akaaga, akaenda nyumba ya pili. Nilifurahi, sikufichi. Tangu msiba sikuwa nimejiona mtu kama siku ile.

Bwanamkuu hakunigombeza. Alisimama upande wa pili wa pazia akasema kwa sauti tamu kwamba anakwenda kumuuliza shekhe, maana nimepaza sauti kwa mwanamume nami ni mtu wa eda. Shekhe wetu alikaa ng'ambo ya mji. Bwanamkuu alirudi hata chai aliyoiacha haijapoa.

"Shekhe asema eda imevunjika," alisema. "Waanza upya, Kuluthumu. Tutangoja. Mimi sina haraka."

Nilijua ni uongo. Lakini nimuulize nani, na anayetoka kwenda kuuliza ni yeye? Nikitoka mwenyewe nitaambiwa nimeikimbia eda, na mwanamke aliyeikimbia eda hata mamaye humfungia mlango. Nikamgeukia Bi Hindu.

"Mama, wewe wajua sheria. Mwambie mwanao."

Bi Hindu aliendelea kuchana miyaa bila kuniangalia.

"Baba yake Bwanamkuu hakuwa mume wangu wa kwanza," alisema polepole. "Alikuwa shemeji yangu. Mimi walinianzisha eda upya mara tatu, mwanangu, ndipo nikachoka nikasema ndiyo."