Godoro Halina Kosa

Kaka yangu ni seremala. Karakana nzima humwita Msumari kwa wembamba wake. Kwa hiyo miguu yake ilipoanza kuvimba, kila mtu aliona. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ni viatu vinambana. Nikamnunulia vikubwa zaidi. Akasema ni kusimama kutwa. Ilipofika hatua ya kulala ameketi, kwa kuwa akijinyoosha pumzi inakata, akasema godoro limezeeka.

"Godoro gani linakuhemesha ukitoka msalani?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, unapenda kukuza mambo. Mimi nimewahi kuumwa lini?"

Kweli, hakuwahi. Kwa miaka ishirini alikunywa kila siku na kila asubuhi alikuwa kazini. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Tukawa tunasema anakunywa lakini kazi haimshindi, nami ndiye niliyesema zaidi.

Kisha akashindwa kuinua mlango aliouunda mwenyewe. Akakaa chini juu ya maranda, jasho linamtiririka, akakubali twende.

Daktari alimpima kifuani, akatuonyesha moyo kwenye skrini. Ulikuwa umetanuka, unapiga kivivu.

"Misuli imelegea," akasema. "Haina nguvu ya kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Kwa miaka uliyokunywa, na vipimo hivi, naona ni pombe."

Mimi ni fundi cherehani. Lastiki iliyochoka naijua: unaivuta, hairudi.

"Si husemwa pombe inaharibu ini?" kaka akauliza.

"Na moyo pia. Ukiacha kabisa, unaweza kupata nafuu kubwa. Ukiendelea, sikufichi, utatuacha."

"Na bia? Maana ile ni kama maji."

Daktari alinitazama mimi, nikatazama ukuta.

Alilazwa siku nane ili aache akiwa chini ya uangalizi. Alitoka na dawa na ahadi chungu nzima. Wiki ya tatu nikamkuta karakana, chupa imefichwa ndani ya kopo la vanishi.

"Nimeonja tu," akasema.

Nikaweka dawa zake mezani. "Kaka, nimechoka. Kliniki ni Jumatatu. Ukitaka kwenda, njia unaijua."

Jumatatu, kabla sijafungua duka, nikamkuta amesimama mlangoni kwangu, amenyoa ndevu. Nikachukua mkoba wangu.

Huu ni mwezi wa saba hajagusa pombe. Moyo umepata nguvu kidogo. Milango bado anasaidiwa kuinua. Miguu imepungua, mdomo haujapungua. Jana amesukuma sahani akisema mboga zangu hazina chumvi, ilhali daktari ndiye aliyeikataza. Nikamwambia kama ana malalamiko, ayapeleke kwa moyo wake. Akanuna, kisha akala zote, akaomba nyingine.