Niliposoma Historia ya Mama

Mama alifariki Jumanne, tarehe 14 Julai 2009, asubuhi. Nilikuwa nje nageuza kahawa kwenye kichanja. Nilimsikia akikohoa mara mbili, halafu kimya. Sikuingia mara moja. Nilimaliza kichanja, nikanawa mikono, nikamchukulia uji. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya blanketi. Niliurudisha ndani na kumwambia aamke anywe kabla haujapoa. Nilisema hivyo mara tatu.

Kaka yangu Yonathani alifika kutoka Vwawa kabla ya saa sita. Alilia, akajifuta, akaanza kupanga kazi, kwa sababu ndiye mkubwa. Nani atachimba, nani atapika, nani atampigia simu mdogo wetu Wiliam aliyekuwa Kamsamba kwenye mpunga. Kisha akanigeukia.

"Jenista, historia utaandika wewe na utasoma wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye."

Kwetu jeneza haliteremshwi kabla historia ya marehemu haijasomwa: alizaliwa wapi, alilelewa na nani, alifanya kazi gani, ameacha nani. Asiyesomewa huonekana kama mtu aliyeokotwa. Nilifika kidato cha nne, naandika mwandiko unaosomeka, na tangu ndoa yangu ivunjike mwaka 1994 nilikuwa nimekaa na Mama nyumba moja miaka kumi na mitano. Wajukuu walikuja na kuondoka, kaka zangu walikuja sikukuu, lakini aliyejua anataka chumvi kiasi gani ni mimi. Nakiri kwamba msiba ulikuwa haujamaliza nusu siku nami nikafurahi. Nilisema moyoni, sasa watu watasikia nani alikuwa mtoto wa Marta.

Jumatano asubuhi nilikaa na daftari kwenye kona ya baraza. Mwaka wa kuzaliwa niliutoa kwenye kadi ya hospitali, 1932. Mahali nikaandika Msangano, kwa kuwa tulijua kwamba Mama alitoka huko chini bondeni, kwa Wanamwanga, akaolewa huku juu kwa Wanyiha. Jina la baba yake nilikuwa nalo. Jina la mama yake sikuwa nalo. Nilijaribu kukumbuka ndugu zake. Nilijaribu kukumbuka alikutana wapi na marehemu Baba. Kalamu ikabaki pale pale.

Nilipompa Yonathani alisoma akiwa amesimama.

"Hii ni barua ya kuomba kazi," alisema. "Mtu ameishi miaka sabini na saba, wewe umemmaliza kwa mistari kumi na moja?"

"Jina la bibi ulijue wewe basi, uliyetangulia kuzaliwa."

"Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe. Wewe ulikuwa jikoni naye."

Hapo ndipo walipofika wanawake wa soko la Tunduma, mpakani. Walikuwa saba, wamefunga vitenge vya Zambia vinavyofanana, wamebeba unga na mafuta ya kupikia kichwani. Aliyetangulia alianza kulia tangu kwenye migomba, "Mayo! Mayo!" yaani mama, na alipoingia chumbani hakukaa pembeni kama mgeni. Alipita katikati ya shangazi zetu, akaketi kichwani pa Mama, mahali nilipokuwa nimeketi mimi usiku kucha, akamshika shavu na kuzungumza naye Kinamwanga.

Wifi yangu Marita, mke wa Yonathani, hawezi kuacha utani hata mbele ya maiti. Alininong'oneza, "Wifi, umenyang'anywa kiti. Huyo analia kama mlinyonya ziwa moja."

"Ni Ketrina," nilisema. "Mama alikuwa analala kwake, enzi za soko."

Nilimjua Ketrina kwa jina na kwa salamu tu. Mwaka 1988, biashara ya mpakani ilipofunguka, Mama alianza kupeleka maharage Tunduma. Wazambia walikuwa wanayanunua mpaka wanagombana, na walimwita bamayo, kama wanavyomwita mama yeyote wa heshima. Siku ya kwanza alikosa gari la kurudi. Ketrina, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa ameachwa na mume, akampisha kitandani kwenye chumba chake nyuma ya soko. Baada ya hapo Mama alilala huko kila Alhamisi na Ijumaa kwa miaka kumi na sita, mpaka magoti yalipokataa. Sisi tuliona maharage yanaondoka na sukari inarudi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku hizo mbili alikuwa anaishi pia.

Nilisimama mlangoni, daftari mkononi, nikamwuliza shangazi kwa sauti ya chini kama analijua jina la mama yake Mama. Shangazi ni dada yake Baba. Alitikisa kichwa.

"Nakala," alisema Ketrina bila kugeuka. "Bibi yenu alikuwa Nakala. Alikufa Mayo ana miaka sita."

Chumba kizima kilinigeukia mimi, si yeye.

"Nani amekuuliza?" nilisema.

Marita alishika mdomo. Ketrina alimtengeneza Mama kitambaa cha kichwa. Jina Nakala sikuliandika. Nilitoka nalo nje, likanisumbua kama punje ya mahindi kwenye jino.

Ilifika jioni na ukurasa ulikuwa vilevile. Yonathani alinifuata nyuma ya nyumba.

"Nenda kamwulize yule mama."

"Siendi."

"Basi nitamwambia asome yeye."

Hilo ndilo lililoninyanyua. Nilimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo, peke yake. Niliketi kwenye kigoda, nikafungua daftari, sikumwamkia. Hakuninunia. Alianza kusema kama mtu aliyekuwa ananingoja.

Mama alizaliwa mwaka nzige walipokula mtama wote wa Msangano, na Nakala alimnyonyesha huku akila nzige wenyewe. Baada ya Nakala kufa alilelewa na shangazi aliyempiga kwa mwiko. Baba alishuka kutoka Mbozi na mjomba wake kununua ng'ombe, wakamkuta kisimani. Walipanda mlima siku tatu kwa miguu, na usiku wa pili Mama alilia kwa baridi, kwa sababu hakuwa amewahi kuiona. Akamwuliza Baba, huku kwenu jua mmelifanya nini?

Ketrina alicheka aliposema hivyo. Alicheka kwa sauti ya Mama, ile ya kuvutia pumzi ndani. Sijui kama unaweza kumwibia mtu kicheko bila kukaa naye. Mimi sina kicheko kile.

"Hayo alikuambia lini?" niliuliza.

"Tukilala. Mayo alikuwa msemaji sana."

"Mama yetu hakuwa msemaji."

"Kwangu alikuwa. Alikuwa anaimba hata. Wapangaji walikuwa wanagonga ukuta."

Niliandika. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nafua nguo za mtu huyo, nilimkata kucha za miguu, nilimwogesha alipokuwa hawezi kuinama, naye nyimbo alikuwa anazipeleka Tunduma pamoja na maharage.

Lakini sababu niliijua, na kwa kuwa naandika ili nikumbuke, niiandike pia. Bibi mzaa baba alikuwa anaigiza Kinamwanga cha Mama mbele ya wageni ili wacheke. Sisi watoto tulijifunza kucheka kabla ya kuelewa. Nilipokuwa darasa la saba Mama alikuja shuleni kuniletea viazi, akaniita kwa lugha yake kutoka ng'ambo ya uwanja. Nilimfuata mbio, nikamwambia, usiniite hivyo tena mbele ya wenzangu. Hakuniita hivyo tena. Nyumbani alibaki na Kinyiha cha kuombea chumvi na Kiswahili cha kanisani.

"Mimi alinisema nini?" nilimwuliza Ketrina.

Alichagua maharage kidogo kabla ya kujibu. "Alisema Jenista anapika, anafua, anachuma kahawa. Haulizi."

Nilitaka kuondoka. Akanishika mkono wenye kalamu.

"Kuna jambo moja bado. Kabla ya Yonathani alizaa binti. Aliishi miezi minne, homa ikamchukua. Alimwita Nesta. Alizikwa nyuma ya nyumba ya zamani, ile iliyobomolewa, palipopandwa kahawa."

Safu ile ya kahawa naijua mti kwa mti. Nimeichuma kila msimu. Mara nyingi Mama alisimama hapo akiwa ameshika kikapu kitupu, nami nikamwambia, Mama, pisha.

Alhamisi kulikuwa na watu wengi kuliko tulivyotarajia. Kabla hatujatoka nyumbani, Yonathani alisoma historia mpya, kurasa tatu. Macho yalimjaa. "Sasa huyu ni mtu," alisema. Kisha akaweka kidole mwishoni, palipoandikwa *ameacha watoto*, nami nikiwa nimeacha wazi. "Andika wanne. Mtie na Ketrina. Mama mwenyewe alikuwa anamwita mwanangu, na wale wa Tunduma wote wanangoja kusikia."

"Ketrina ameomba hivyo?"

"Hajaomba. Ndiyo maana unatakiwa kumpa."

Nilisema sawa.

Makaburini, ng'ambo tu ya migomba yetu, Mchungaji aliniita jina, nikasimama juu ya udongo uliochimbwa. Nilisoma vizuri. Nilisoma Nakala, nzige, mwiko wa shangazi, siku tatu za mlima. Niliposoma swali la jua watu walicheka na kulia papo hapo, na wazee walitikisa kichwa wakinitazama kwa heshima, kana kwamba Mama alinisimulia mimi hayo yote nikiwa magotini pake. Sikusema niliyapata wapi. Ketrina alikuwa amesimama na wenzake sita upande wa miguuni, kitenge kimekazwa kifuani, ananiangalia.

Nikafika mwisho.

"Marehemu alijaliwa watoto wanne," nilisoma, nikaona wanawake wa Tunduma wanagusana viwiko, na mmoja akamshika Ketrina bega. "Wa kwanza, Nesta, alifariki akiwa mchanga. Ameacha watoto watatu, Yonathani, Jenista na Wiliam, wajukuu kumi na sita na vitukuu watano. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Yule mwanamke aliondoa mkono begani kwa Ketrina. Yonathani aliinamisha kichwa. Mimi nilikunja karatasi mara mbili, na kwa muda wa kuikunja tu, nilikuwa mtoto pekee wa Marta.

Walipoitwa watoto kutupa udongo, Ketrina hakusogea. Alingoja mpaka majirani walipoitwa, akatupa pamoja na majirani.

Baada ya chakula wanawake wa Tunduma walifunga mizigo. Marita alikuwa ananiangalia bila utani wowote, jambo ambalo si kawaida yake. Ketrina alinifuata nilipokuwa nasuuza sahani.

"Umemweka Nesta," alisema. "Mayo aliogopa kwamba atasahaulika. Asante."

"Ketrina," nilisema, nikaweka sahani chini.

"Umesoma vizuri, dada."

Aliniita dada bila ukali, na bila upole pia. Kisha akaenda zake barabarani na wenzake. Yonathani alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na alipoanza alisema neno moja tu: "Hata mimi nilikuwa namwonea wivu. Lakini sikumfukuza." Nimemjibu mara nyingi kichwani. Karatasi ya historia ile iko kwenye faili la kanisa, na inasema watatu. Nikipewa niisome tena leo ningependa kusema nitasoma wanne. Siku nyingine naamini. Siku nyingine nakumbuka vile vicheko nyuma ya soko, na kichwani nasoma watatu.

Sasa ni mwaka 2014. Ketrina huja mara moja kwa mwaka. Hapiti nyumbani kwanza. Huenda moja kwa moja kaburini, anakaa chini, anazungumza na Mama Kinamwanga kwa muda mrefu, nami namsikia kutoka barazani nikiwa nimeshaweka chai. Huwa anakunywa vikombe viwili na kulala chumba cha Mama. Amefika jana, na kesho anaondoka na gari la asubuhi, nami la wanne bado sijamwambia.