Mwanamke wa Shaba

"Yuko wapi?" Paskazia alifoka, shikamoo ya fundi akaiacha ikielea.

Chenge, myeyushaji wa vyuma pale Kirumba, alibaki ameshika koleo. "Nani, mama?"

"Mwanamke wangu wa shaba. Mdogo wangu Yeremia kamleta hapa asubuhi."

Fundi akatazama kalibu ya mchanga iliyokuwa ikifuka moshi miguuni pake. Alikuwa ameshamyeyusha na kummimina humo.

Mwanamke huyo hakuzidi urefu wa shubiri moja. Alikuwa ameinama, anajifuta mguu. Padre Mwitaliano, ambaye Paskazia alimpikia mpaka akazeeka, alimwachia kama zawadi: kazi ya mafundi wa kwao, ya zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ya kupamba meza ya tajiri fulani. Paskazia hakuwa na habari na tajiri. Alipenda kile kisigino. Fundi wa kale alikitia mpaka magaga! Kila Jumamosi Paskazia alimpaka nta, akapenyeza pamba katikati ya vidole, akajisemea: huyu naye katoka kazini.

Yeremia yeye aliona uchi tu. "Dada, hilo sanamu ni shetani. Tangu liingie humu ndani sipati samaki." Walibishana wiki nzima. Leo, dada mtu alipokwenda misa, akalibeba.

Na huyo hapo anaingia, uso mkavu, mtu mzima hovyo. "Dada, usikasirike. Si unajua propela yangu ilivunjika mwambani? Sasa nimepata mpya. Mkosi umegeuka baraka."

Paskazia ilimtoka sauti ambayo jikoni kwa padre haikuwahi kusikika.

"Shetani asiyefaa kukaa mezani kwangu, leo anafaa kusukuma mtumbwi wako?"

Chenge akajifanya anatafuta tupa.

"Vunja huo mchanga," Paskazia akamwamuru.

Propela ilitoka imeparara, haijapigwa tupa. Paskazia hakungoja ipoe vizuri. Aliivingirisha kwenye khanga, akaikumbatia.

"Dada! Jioni naingia ziwani!"

"Ingia. Kasia si unalo?"

Akashika njia katikati ya wachuuzi wa dagaa, nao wakampisha. Joto lilipenya khanga, na mabawa ya propela yakamchoma mbavuni kila alipokanyaga. Hakuilegeza mikono.