Ng'ombe Waliorudishwa Kalembe

Luc alifunua kitabu cha kituo ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofika mwisho aliuliza swali lilelile: "Papa, na zile ng'ombe ulikatala ziko wapi?"

Mzee Nzabandora, ambaye aliitwa Papa kwa heshima ya umri, alikuwa ameketi mbele yake, kofia mapajani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa mifugo hapo Kalembe, mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale, ambapo kila ng'ombe anayeteremka kwa miguu kutoka malisho ya vilimani kwenda kuchinjwa Mubi lazima apite. Kituo chenyewe kilikuwa gogo lililokata njia, kibanda cha mabati, na yeye. Alipapasa shingo, akafunua midomo, akatazama kinyesi. Ng'ombe mzima aliandikwa kitabuni, akapigiwa muhuri, akapita.

"Ng'ombe mugonjwa mimi siandikake," alisema.

"Sababu gani?"

"Kitabu inasomwa na kila muntu, bwana. Ukiandika ng'ombe ya fulani iko mugonjwa, mwaka muzima hakuna mwenye atanunua kwake. Hata mutoto wake atakosa bibi, sababu nani atapokea mali ya posa kutoka zizi yenye iko na neno?"

Ndivyo walivyoishi. Nzabandora alichana uzi wa mgomba, akaufunga kwenye pembe ya kushoto, basi. Mwenye ng'ombe aligeuza njia bila neno, akampandisha mnyama wake hadi alikotoka. Waliokutana naye mlimani waliona uzi, wakasalimia habari za mvua. Hakuna aliyeuliza.

Luc alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kupima kazi ya vituo vyote vya njia ile, na chombo chake cha kioo, kama simu pana, kilikuwa na visanduku vya kujaza: wangapi wamepimwa, wangapi wamekataliwa, wagonjwa wangapi huko nyama inakoliwa.

"Hii mashini haipokeake hadisi, Papa. Inapokea namba tu. Poste, kituo kama hii yako, yenye haina matokeo watafunga. Uko na ushahidi gani?"

"Ile kamba ya mugomba."

"Kamba iko wapi?"

"Mbuzi walikula."

Wachungaji wanane waliokuwa wakisubiri kupita wakacheka. Mama Mbambu, mwanamke wa Butembo mwenye bucha Mubi, aliyekuwa amepanda kuwapokea ng'ombe wake, akajitosa na kitenge chake kizito. Alikuwa anampenda mzee, alitaka kumsaidia.

"Andika vizuri, kaka! Miaka munane nauza nyama Mubi. Hakuna muntu hata mumoja alishagonjwaka tumbo sababu ya nyama yangu. Hata mumoja!"

"Wagonjwa, sufuri," alisema Luc, akaandika.

"Njo ivo!" Mbambu akapiga makofi.

Nzabandora alitabasamu pia, kisha akaona uso wa Luc, na tabasamu likamkauka. Sufuri ile ilikuwa jasho lake la miaka kumi na tisa, lakini ndani ya chombo kile ilikuwa sufuri tu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na ugonjwa wa kuzuia.

Macho yake yakamtafuta Sebarenzi, mfugaji wa Masisi na mzee wa kanisa, aliyesimama kando ya wachungaji. Miezi miwili nyuma mtamba wake alikuwa anatoka damu puani. Kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na mtu anayemla. Nzabandora alipanda mlima na Sebarenzi nusu siku, mnyama akafia njiani, wakamfukia wawili, shimo refu kupita kimo cha mtu, bila kumkata hata sikio.

"Papa Sebarenzi, sema kwa huyu bwana. Ulishageuza ng'ombe hapa siku moja, ao hapana?"

Sebarenzi aliwatazama wale wanane.

"Ng'ombe zangu hazijawahi kugonjwa," alisema.

"Za Papa Sebarenzi zinagonjwaka kunona tu!" mmoja akadakia, na kicheko kikapanda tena.

Luc akainama karibu. "Taja wewe mwenyewe majina ya wenye uliwarudisha, Papa. Kumi tu. Nitaandika, poste itabakia."

Kumi! Alikuwa nayo mia tatu kichwani, na rangi ya kila ng'ombe. Wanaume wanane waliacha kucheka. Kila mmoja alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Sina jina," alisema Nzabandora.

Mwezi haukuisha. Barua ya kufunga kituo ilifika kwa pikipiki, na pikipiki ileile ikaondoka na muhuri na kitabu. Gogo likasukumwa mtaroni. Lakini asubuhi miguu yake ilimleta palepale, kwa mazoea, na ndivyo alivyokuwepo siku Sebarenzi alipotokea na ng'ombe wanne. Wa mwisho alitembea kichwa chini. Puani alikuwa na utepe mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Nzabandora alitoa kamba mfukoni, akaifunga kwenye pembe ya kushoto.

"Papa," alisema Sebarenzi, "aksanti kwa ile siku hukutaja jina yangu."

"Rudisha."

"Nirudishe namna gani? Zamani nilikuwa narudi sababu kila muntu alikuwa anarudi. Leo watu wote wanapita. Nikipanda miye peke yangu, mulima muzima utauliza kuko nini kwa Sebarenzi."

Aliifungua kamba taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kiatu, akaiweka kiganjani mwa mzee na kumfumba vidole. Kisha akaswaga wanyama wake kuelekea Mubi.

Nzabandora alikimbia hadi kichuguuni, mahali pekee penye mtandao, akampigia Mbambu.

"Mama, kuko ng'ombe ine zinateremuka. Ya mwisho usinunue. Usiikate, usiiguse!"

"Ya nani?"

Aliona Sebarenzi akipinda kona, mgongo umeinama. Safari hii alilitaja jina.

"Sebarenzi?" Mbambu alicheka kwa upole. "Huyu mwenye alisema mbele yetu wote ng'ombe zake hazigonjwake? Papa, walikunyang'anya kazi, naelewa, moyo inakuuma. Lakini usiharibishe jina ya muntu."

"Mama, nakuomba..."

"Usiogope! Miaka munane, Papa. Hata mumoja!"