Misitu ya Dunia Yafika Matangani Modogashe

Kila alfajiri, kabla basi la Garissa halijapiga honi kwenye njia panda ya Modogashe, Rukiyo huingiza kijinga cha mgunga kinachofuka ndani ya mitungi yake ya alumini, akaifunika mpaka moshi ushike vizuri. Ndipo anapomimina maziwa ya ngamia. Bila moshi huo maziwa huchacha safari ikiwa katikati, na Nasteho, anayemuuzia sokoni Garissa, hana muda wa kubembeleza wateja. Chakula cha nyumba ya Rukiyo na karo ya wanawe, vyote vilitegemea moshi wa mti mmoja.

Siku moja kuni zilimwishia. Akachukua panga, akaenda kwenye msitu wa migunga nyuma ya mji, akakuta visiki. Msitu ulikuwa umekufa. Lori la Warfa, mdogo wa marehemu mumewe, lilikuwa likibeba makaa kutoka huko tangu Ramadhani, na sasa hapakubaki hata mti wa kufungia mbuzi. Migunga iliyosalia ilikuwa ile michache ya kando ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Rukiyo alikata tawi moja huko, akarudi nyumbani amefura kwa hasira.

Kesho yake wageni wakaanza kufika kwa matanga ya msitu. Wa kwanza ulikuwa msitu wa misonobari kutoka kaskazini ya mbali. Ulikuwa umetembea usiku kucha na theluji ilikuwa bado mabegani. Polisi wa kizuizi cha barabarani, ambao humdai kitambulisho hata bibi kizee aliyezaliwa papo hapo, waliufungulia njia bila neno. Mzee Ahmednoor, anayepokea wageni wa mji, akatoka na fimbo yake.

"Samir iyo iimaan," msitu ukasema kwa Kisomali cha kubabaisha, yaani Mungu awape subira na imani.

Mzee akaitikia amina, akauonyesha pa kukaa, pale penye visiki. Theluji ilipoyeyuka ngamia waliinywa, wakalalamikia ubaridi.

Jioni ukaja msitu wa mvua kutoka ikweta, umebeba mvua yake mwenyewe. Mvua hiyo iliunyeshea wenyewe tu, hata tone moja halikuvuka kwenda kwenye pipa la mtu, na nyani wake walipiga kelele mpaka wakaletewa ujumbe kutoka msikitini kwamba kuna msiba. Mikoko ya Lamu ilifika ikiwa imeinua mizizi kama watu waliopandisha nguo wasiguse tope, ingawa tope lenyewe ilikuja nalo. Mianzi ya China ilijipanga safu moja kwa moja bila kuelekezwa, ikasifiwa sana. Iliyoleta shida ni mialoni ya Ulaya. Katikati ya dua ilishikwa na huzuni, ikapukutisha majani yote, kama inavyofanya kwao majira ya baridi yakikaribia. Wanawake waligeuza nyuso. Mzee Ahmednoor akaagiza maturubai, mialoni ikajistiri.

Aliyesimama mbele kupokea mikono alikuwa Warfa. Ndivyo ilivyo desturi: mtu wa karibu zaidi na marehemu ndiye hupewa pole. Malisho yale yalikuwa ya ukoo wake, na katika udogo wake alichunga mbuzi chini ya migunga ile mpaka akaijua mti mmoja mmoja. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Kila tawi lililonyooshwa alilishika kwa mikono miwili, akalia. Tumtendee haki: machozi yalikuwa ya kweli.

Kisha misonobari ikauliza, kama waombolezaji wanavyouliza, marehemu alikufaje.

"Ni qadar ya Allah," akasema Mzee Ahmednoor.

Rukiyo alikuwa akizunguka na ndoo, akiwamwagia wageni maji kwenye mizizi. Akaitua ndoo chini.

"Adeer, qadar haina lori," akasema, akimwita mzee ami kwa heshima. "Hii msitu iliuawa. Mwenye kuua ndiyo huyo wageni wanampa mkono."

Hakuna aliyeshtuka. Warfa mwenyewe alitikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko.

"Abaayo Rukiyo," mzee akasema kwa upole, akimwita dada, "tunajua."

"Mnajua?"

"Kila mtu anajua. Lakini leo ni matanga, siyo kesi. Ngoja matanga iishe."

Misitu ikatazama chini, kwa kuwa mgeni haingilii maneno ya nyumba ya watu.

Ilipoaga, kila msitu ulimwachia Rukiyo tawi la rambirambi, maana habari za kuni zake zilikuwa zimesambaa. Akayajaribu yote. Maziwa ya msonobari yalimfikia Nasteho yakinuka sabuni ya hospitali. Tawi la msitu wa mvua halikushika moto hata kidogo. Mkoko uliyatia chumvi, mwanzi ukalipuka ndani ya mtungi, na mwaloni ulitoa moshi mzuri wa kukaushia samaki, jambo ambalo mnywaji wa maziwa ya ngamia hawezi kulisamehe.

"Walahi, umetuma nini?" Nasteho akauliza kwa simu. "Watu wanasema imechacha na iko na ladha ya dawa. Rudisha ile moshi yetu."

"Nitarudisha," akasema Rukiyo, na alimaanisha.

Akaenda kwa Mzee Ahmednoor. Matanga yameisha, akamwambia, sasa kesi. Anachotaka ni kimoja, migunga ya laga isiguswe. Mzee akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yako ni ya haki," akasema. "Lakini mwenye kudai damu ni jamaa ya karibu ya marehemu. Jamaa ya karibu ni nani?"

Mzee akamwongezea chai.

"Dunia yote ilikuja ikampa Warfa mkono. Tuliona kwa macho. Basi mwenye kudai ni Warfa. Nimemuuliza. Anasema amesamehe."

Rukiyo alikunywa chai yake yote, kwa sababu ilikuwa chai nzuri na kwa sababu alikuwa anafikiri. Alipoinuka moyo wake ulikuwa mweupe. Kosa lilikuwa moja tu, kumwachia Warfa nafasi ya mbele. Siku nyingine ya msiba angesimama yeye, mkono wangempa yeye, na dai lingekuwa lake. Alikuwa bado mlangoni kwa mzee aliposikia msumeno ukinguruma upande wa laga.

Hakukimbilia huko. Alijua vijana wa Warfa hufanya kazi haraka, na kwamba hadi afike pangekuwa na visiki. Alifunga mtandio vizuri, akakaza mwendo hadi kwenye uwanja wa nyuma ya mji walipopokelewa wageni, awahi nafasi ya mbele.

Warfa alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe na anatandika mikeka, akiivuta pembe ili inyooke. Huko mbali, kwenye barabara ya Isiolo, kitu kirefu cha kijani kilikuwa kinakuja polepole.

"Pole sana, abaayo," Warfa akasema, na sauti yake ilikatika kwa uchungu. "Karibu. Ya wanawake nimeweka huko nyuma, kwa kivuli ya lori."