Chumvi ya Joab

Rispah alikuwa ameapa, na kiapo cha Rispah si mchezo. Matumbawe mawili yalikuwa yamemfia mwaka huo. La tatu lilipoingia katika tangi lake la kioo alimwambia mumewe, Joab, wakiwa mezani: "Na hili likifa, Baba Ketty, nauza tangi na vyote vilivyomo. Sirudi nyuma." Joab, dereva wa kreni pale bandari ya Kilindini, mtu asiyepoteza neno, aliendelea kula wali wake.

Sasa tumbawe lilikuwa linakufa. Lilikuja kijani kibichi, kipande cha ukubwa wa kiganja kilichokuzwa na watu wenye leseni, vijikono vyake vikichezacheza majini. Vyote vilikuwa vimejikunja, na upande mmoja rangi ilianza kuchuja kama zile leso hafifu ambazo Rispah hakubali kuwauzia wateja wake Biashara Street. Aliumia hasa. Katika nyumba ile ya Buxton, makochi alichagua Joab na mapazia alichagua mama mkwe. Tangi peke yake alilichagua yeye, na hakuwa tayari kulipoteza kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe.

Basi akalivalia njuga. Alilihamishia tumbawe kivulini, akageuza pampu ili mkondo usilipige, akapunguza taa. Wapi! Chumvi hakuipima, maana chumvi alikuwa na hakika nayo. Maji ya tangi hukauka na chumvi hubaki, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni, ndiyo maana alizoea kujazia maji matamu kila asubuhi hadi kwenye alama. Ila siku hizi alikuta maji yameshafika alamani, naye akashukuru kwamba joto limepungua. Joto la Mombasa, mwezi wa Machi, limepungua!

Alipoishiwa na maarifa ndipo alipochukua kipima chumvi. Chumvi ilikuwa imepanda vibaya. Akapima tena, jibu likawa lile lile, na akajua kuna mkono wa mtu.

Jioni ile aliwahi kurudi, akaketi jikoni kuvizia. Joab aliingia na dumu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akafunua kifuniko.

"Maji gani hayo, Baba Ketty?"

Joab alishtuka nusura aliangushe dumu. "Ya bahari. Nayachota ufukweni Mama Ngina nikitoka kazini. Nilidhani limekumbuka kwao."

"Umelizidishia chumvi. Unaliua."

"Mimi nalisaidia." Akaliweka dumu chini. "Ulisema likifa utauza tangi. Mimi sitaki liuzwe. Nikishuka kule kwenye kreni, hapa ndipo kichwa changu hutulia."

Rispah alikuwa amejiandalia maneno ya kung'oa bati. Kumbe miaka yote hiyo alidhani bure kwamba Joab anamvumilia tu na tangi lake. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya leso.

"Lete koleo la kukatia," akasema.

Upande uliokufa ulikuwa umeoza na kuanza kuula ulio hai, kwa hiyo ulipaswa kukatwa. Joab alilishika tumbawe ndani ya bakuli la maji ya tangi, Rispah akaweka koleo.

"Usilibane."

"Silibani," alisema Joab, huku amelibana.

Kikabaki kipande kidogo kama kidole gumba. Walikibandika kwa gundi juu ya jiwe jipya. Kisha ikawa kazi ya kutoa kikombe cha maji ya tangi na kurudisha kikombe cha maji matamu, kila siku, kidogo kidogo. Joab alitaka wamalize mara moja, Rispah akakataa katakata, maana chumvi ingeshuka ghafla ingekimaliza kilichobaki. Majuma yakapita, kipande kimejikunja vile vile. Rispah alikwenda dukani, akarudi, akapima, wala hakutaka kusikia habari ya kukata tamaa.

Jioni moja alikuta vijikono vimetoka, vya kijani, vinachezacheza. Hakumpigia Joab simu. Alitaka aje aone kwa macho yake.

Joab aliingia na mabuti yake ya kazini, akasimama mbele ya tangi, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Akainama karibu na kioo.

"Mama Ketty," aliuliza, "linakula nini?"

Rispah akamsogezea kiti, akaanza kumweleza.