Mpiga Besi wa Mengineyo

Barua ya mwaliko ilimfikia Chausiku Mwishehe Jumanne asubuhi, akiwa kwenye studio yake ndogo Temeke, anabadilisha nyuzi za gitaa la besi. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaisoma tena. Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni, kungekuwa na sherehe ya kumuenzi Edgar, mtayarishaji wa muziki, aliyeitwa humo "mbunifu wa besi ya pwani". Yeye Chausiku aliombwa afike mapema, avae fulana nyeusi kama wapigaji wenzake, na "asaidie upande wa besi".

Asaidie. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hiyo besi ya pwani aliibuni nani, kama si yeye?

Chausiku alikuwa mtoto wa fundi seremala wa Keko. Besi alianza kuishika akiwa na miaka kumi na tisa, pale mpiga besi wa kikundi cha taarab cha shangazi yake, Zubeda, alipopanda ndege kwenda Maskati bila kuaga. Shangazi alimweka azibe pengo kwa wiki mbili. Akakaa miaka sita. Hapo ndipo alipojifunza kuichelewesha nota kidogo, iingie kama mgeni mwenye adabu, baada ya watu kutulia. Kisha bendi moja ya dansi ya Kinondoni ikamchukua. Kiongozi wake alimsifu kwa mikono mepesi, halafu akamwambia akae nyuma ya ngoma, wateja wasije wakacheka kumwona mwanamke na gitaa. Watu wa taarab wakasema kaenda kuharibikia baa. Alipokubali kurekodi na kwaya ya Felicitas, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia mjini kutoka Moshi, ndugu zake wakavumisha kwamba Chausiku kabatizwa. Ilibidi aende kwa mama yake kumweleza kwamba alichopeleka kanisani ni gitaa, swala zake ziko palepale.

Kwenye singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa mjini, nako walimpokea kwa kicheko. "Mama, huku hatutumiagi gitaa," waliambizana, mpaka walipomsikia akikimbia na ile kasi yao bila kupoteza nota hata moja. Basi wakawa wanamwita kila wiki, na wimbo ukitoka, jina lake halimo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila alikopita. Walichukua mikono yake, wakamrudishia jina lake kama chenji isiyotakiwa.

Aliwahi hata kwenda kwenye chama kimoja cha wanamuziki kujiandikisha. Karani, kijana mmoja aitwaye Didas, alimwamkia vizuri, akamkaribisha kiti, akafungua fomu. Akamuuliza anapiga muziki gani. Chausiku akamtajia aina zote nne. Didas akasema kisanduku ni kimoja tu, achague. Chausiku akamwambia hawezi kuchagua, ni kama kuulizwa mguu upi ndio wako. Didas alifikiri, akaandika "Mengineyo", akagonga muhuri. Miaka thelathini ya kazi, na kwenye daftari la wanamuziki wenzake yeye ni mengineyo.

Wimbo uliomletea Edgar sifa uliitwa "Ufunguo wa Sebule". Ulirekodiwa miaka minane nyuma katika studio ya Edgar, Mikocheni. Felicitas ndiye aliyeimba. Chausiku ndiye aliyeupanga mwanzo hadi mwisho: aliichukua kasi ya singeli, akaipitishia besi inayochelewa ya taarab, akamzuia Felicitas asiimbe kwa nguvu za kwaya, aimbe kama anayezungumza na jirani yake dirishani. Siku tatu walikesha na kazi ile. Edgar alikuwa akichungulia jioni, anauliza wamefikia wapi, anaacha mfuko wa chipsi, anaondoka. Wimbo ulipotoka, kwenye nafasi ya mtayarishaji pakasomeka Edgar. Chausiku alipouliza, Edgar alimwambia studio ikiwa ya mtu ndivyo inavyoandikwaga, na wenyewe wanajua. Chausiku akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomuuma zaidi sasa, kuliko hata barua.

Akampigia simu.

"Sista, ishu si mie," Edgar alisema, sauti yake laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Waandaaji wanataka jina moja. Wewe ukitajwa watu watauliza, huyu ni wa taarab au wa kwaya? Inawachanganya."

"Na mikono iliyopiga?"

"Mikono si ndiyo tumeialika?"

Mumewe, Suleiman, fundi magari wa Kipawa, mtu asiye na maneno mengi, alimshauri asiende, ajipumzishe na watu hao. Chausiku akamwambia atakwenda, na hiyo fulana nyeusi ataivaa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Edgar alipewa tuzo ya kioo, akapewa na kipaza sauti. Akasimulia kwamba besi ile ilimjia usingizini, akaamka nayo mdomoni, akaenda studio kuwaelekeza wapigaji. Watu wakapiga makofi. Chausiku alikuwa amesimama hatua nne nyuma yake, mkanda wa gitaa begani. Usingizini. Ile miaka sita chini ya shangazi Zubeda, vidole vikitoka damu. Ile miaka ya kukaa nyuma ya ngoma kama mwizi. Yale masengenyo yote ya ndugu. Vyote vilikuwa ndoto ya Edgar akiwa kitandani kwake.

Ikatangazwa "Ufunguo wa Sebule". Kinanda kikaanza, ngoma zikaingia kwa kasi, Felicitas akaimba ubeti wa kwanza. Pale besi inapotakiwa kuingia, Chausiku aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye nyuzi, akauweka kiunoni.

Wimbo ukaendelea bila besi, ukichechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Fundi mitambo akakimbilia nyaya, akachomoa hiki, akachomeka kile. Edgar, aliyekuwa amerudi mezani mbele, alimwonyesha ishara kwa kidole mara mbili. Chausiku alimtazama tu. Watu waliokuwa wameanza kucheza wakasimama wakiangaliana.

Felicitas akaacha kuimba. Aligeuka, akamwona Chausiku na mkono wake kiunoni, akaelewa. Hakuwa mtu wa ugomvi. Darasani kwake hata watoto watundu aliwanyamazisha kwa kuwatazama. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Wimbo huu ulitengenezwa na Chausiku," alisema. "Nilikuwepo siku zote tatu. Edgar alikuja na chipsi."

Wachache walicheka, wakijua si mzaha. Mshereheshaji aliruka jukwaani, akaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, akamwita msanii mwingine. Hapo ndipo Chausiku aliposogea mbele.

"Mitambo ni mizima," alisema. "Nimekataa kupiga."

Akachomoa waya, akaukunja vizuri, akatoka kwa mlango wa mbele, uleule waliopitia wageni wa heshima. Edgar alikuwa ameinamia simu yake.

Haki, kama alitegemea itakuja kesho yake, haikuja. Magazeti yaliandika kwamba hitilafu ya mitambo ilitia dosari sherehe iliyofana. Mtangazaji mmoja wa redio alizungumzia wanawake wenye husuda, jina hakutaja, lakini kila mtu Temeke alijua anasemwa nani. Edgar alibaki na tuzo yake. Vijana wawili watatu wa singeli waliacha kumpigia simu Chausiku. Alizunguka na hasira ile nyumbani, akafua nguo ambazo zilikuwa safi, akamjibu Suleiman vibaya bila sababu, kisha akamwomba radhi.

Ijumaa iliyofuata Felicitas alikuja kwenye studio baada ya vipindi, chaki bado iko kwenye mkono wa gauni lake. Akasema kwaya yake imemhoji kwa nini alisema vile hadharani, naye amewajibu kwamba ni kweli, basi. Akataka wairekodi upya "Ufunguo wa Sebule", wao wawili, na safari hii Chausiku ajitaje mwanzoni kabisa, kabla ya nota ya kwanza, kama wanavyofanya watayarishaji wanaume kwenye kila wimbo.

Chausiku alisema anaona aibu. Felicitas akamuuliza aibu ya kitu gani.

Chausiku akawasha mashine, akasogea kwenye kipaza sauti. "Chausiku Mwishehe," alisema, "besi na utayarishaji." Alirudia mara tatu, kwa sababu sauti ilikuwa ikitetemeka kwa hasira. Mara ya nne ilitetemeka pia. Felicitas akasema waiache hivyohivyo.